Babu Mmoja, Majina Mawili: Nilivyomtafuta Babu wa Wakwe Zangu Hadi Connemara

Mkebe ulikuwa wa biskuti, umeshika kutu ukingoni, na mama mkwe wangu aliufungua kwa kuubandua na kisu cha mezani. Ndani mlikuwa na karatasi za babu yake mzaa baba, aliyetoka Ayalandi akiwa kijana na kufia hapa Boston. Cheti chake cha uraia kinasema King. Cheti cha ubatizo cha mwanawe kinasema Conroy. Kadi ya msiba iliyochapwa na kanisa: King. Picha ya kaburi: Conroy, kwa herufi kubwa, na jiwe si la bei ndogo.

Mama na mdogo wake wamebishana juu ya hili tangu utoto. Yeye hushika Conroy, mdogo wake hushika King, na kila sikukuu lazima lizuke. "Wewe fuatilia," akaniambia. "Wewe huna upande."

Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa huku. Nilikubali kwa heshima tu, nikidhani ni kazi ya wikendi mbili. Ilinichukua mwaka na kitu, na miezi mitatu ya mwanzo niliitupa.

Kosa lilikuwa langu. Nilianza na King kwa sababu ndilo lililokuwa kwenye karatasi ya serikali, nikaingia mtandaoni, nikampata King mwenye jina la kwanza linalofanana na umri unaokaribiana, nikashuka naye. Jina la kwanza la babu ni lile la mtakatifu wa nchi yao, kwa hiyo kumtafuta kwa jina hilo ni kama kumtafuta Mohamed Kariakoo. Nikachora mti mzima, wajomba kwa mashangazi. Kisha nikaona watu wangu wote wameoana katika kanisa la Kianglikana, mashariki ya nchi, ilhali nyumba ya wakwe zangu ni Wakatoliki wa kusali rozari kila jioni. King pia ni jina la Kiingereza, limeenea kote. Nilikuwa nimewachukua wazee wa watu. Mti nikaufuta.

Halafu kuna hadithi ya familia, kwamba afisa wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji kule New York, ndiye aliyembadilisha jina. Hii nilisikia kwa kila mtu, mpaka mpishi wa arusi ya wifi yangu. Lakini babu alishukia Boston, hakupita New York. Na hata huko Ellis Island, makarani walikuwa wakisoma orodha iliyokwisha kuandikwa na watu wa meli kule safari ilikoanzia. Kazi yao ilikuwa kuhakiki, si kubatiza.

Kilichonifungua macho kilikuwa simu ya kaka yangu. Yeye anaishi Muscat. Mimi na yeye ni baba mmoja mama mmoja, lakini kwenye pasipoti yangu jina la mwisho ni la babu, kama ilivyo desturi ya kwetu: jina lako, la baba, la babu. Yeye alipochukua uraia wa Oman aliandikwa nisba ya kabila. Mjukuu wetu wa miaka mia ijayo akizikuta karatasi zetu ataapa kwamba hatujuani. Nikajiuliza: kwa nini nimeshikilia kwamba Waayalandi wa wakati ule walikuwa na jina moja lisilotikisika, wakati sisi wenyewe hatuna?

Nikaacha kutafuta jina, nikaanza kutafuta mahali na watu waliomzunguka.

Massachusetts, jimbo lenye Boston, wanaandika vizuri. Rejista ya ndoa ya babu, mwaka 1897, inataja baba na mama wa bwana harusi, na ubini wa mama kabla ya kuolewa: Mulkerrin, ingawa karani kaliandika kwa kukosea herufi mbili. Cheti cha uraia hakikunipa lolote. Vya kabla ya 1906 vingi ni vikavu namna hiyo. Ila vitabu vya ubatizo vya parokia yake ya Boston vilikuwa hazina. Kila mtoto ana wasimamizi wawili, na wasimamizi hao ni akina Mulkerrin, Folan, Geary, mara kwa mara wale wale. Mtu hamchukui mpita njia kumsimamia mwanawe. Nikayaandika majina hayo pembeni, nikauliza ni wapi Ayalandi majina haya yanakaa pamoja. Jibu likawa pwani ya magharibi, Connemara, kaunti ya Galway, upande wa Carna.

Hapo ndipo nilipojua habari ya King na Conroy. Jina la asili, kwa lugha yao, ni Mac Conraoi. Silabi ya mwisho inatamkwa karibu sawa na neno lao la mfalme, rí. Basi walipotakiwa kuwa na jina la Kiingereza, wengine waliandikwa Conroy kwa kufuata sauti, na wengine King, kwa kudhani wanatafsiri. Na hawa si koo mbili. Nilicheka peke yangu jikoni. Kwetu Mfaume ni jina la watu, wako kila mtaa, na sijasikia mkoloni aliyemwandika hata mmoja King.

Kutoka hapo nilitaka sensa ya 1871 nimwone akiwa mtoto. Haipo. Za 1861 na 1871 serikali iliziharibu baada ya kutoa hesabu zake, za 1881 na 1891 zikasagwa kuwa karatasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na za nyuma yake karibu zote ziliungua Juni 1922, jengo la kumbukumbu la Dublin lilipolipuka kwenye mapigano. Sensa nzima ya kwanza iliyobaki ni ya 1901. Wakati huo babu alikuwa Boston ana watoto wawili.

Zilizosalimika ni rejista za vizazi, ambazo zilianza kuwahusu watu wote mwaka 1864, na sasa picha zake zinaonekana bure mtandaoni. Nikafungua wilaya ya Clifden, miaka 1868 hadi 1875, Conroy wote na King wote, picha moja moja, usiku baada ya zamu. Usiku wa kumi na moja nikampata: Conroy, baba mvuvi, mama Mulkerrin, kitongoji kidogo cha pwani. Baba hakujua kuandika. Pale pa sahihi pana alama ya mkasi, X iliyoinama kidogo, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, na karani kaizungushia maneno ya Kiingereza kuthibitisha kwamba ndiyo alama yake. Jina halikuwa na maana kwa mkono ule. Lilikuwa la karani.

Miaka miwili mbele, kitongoji kile kile, mvuvi yule yule, mama yule yule, binti kazaliwa. Ubini: King. Alama ya mkasi, mguu mmoja mrefu.

Tarehe nazo zina vituko. Kwenye kitabu cha parokia babu alibatizwa wiki tano kabla ya kuzaliwa. Nilidhani nimekosea kusoma Kilatini cha padri. Kumbe mzazi aliyechelewa kuandikisha mtoto alitozwa faini, hivyo wengi walisogeza siku ya kuzaliwa mbele wakaokoa shilingi zao. Sisi tuliojaza shuleni watoto waliozaliwa wote tarehe mosi Januari hatuna la kuwacheka.

Wazee nikawaona sensa ya 1901, wameandikwa King, mzee ana miaka 58. Sensa ya 1911 wakapotea, si King si Conroy. Nikakipitia kitongoji nyumba kwa nyumba, na nyumba ya tisa ndiyo yao: fomu imejazwa yote kwa Kiayalandi, nadhani na mjukuu aliyesoma. Mac Conraoi, miaka 73. Kumi na tano ndani ya kumi! Pensheni ya wazee ilikuwa imeanza kulipwa Januari 1909, kwa waliotimiza 70, na pwani nzima ilizeeka ghafla. Mkewe kaandikwa kwa ubini wa kwao, Ní Mhaoilchiaráin. Hilo Ní ni ufupisho wa maneno yenye binti ndani yake. Bint fulani, kama tunavyosema sisi.

Nilimpelekea Mama picha zote, nikazipanga mezani: mkasi wa Conroy, mkasi wa King, na ile fomu ya 1911. Alizitazama muda mrefu, akaweka kidole juu ya ule mguu mrefu wa X. Kisha akaomba simu, akampigia mdogo wake.

"Tulikuwa sawa sote wawili," nilimsikia akisema. Akanyamaza, akasikiliza. "Ndiyo. Lakini Conroy iliandikwa mwanzo."