Peke yangu kwenye mnara wa Oriskany

Boti za kwenda Oriskany, meli ya kivita iliyozamishwa baharini, huondoka Pensacola, Florida, mapema asubuhi, na hakuna anayepanda kabla ya kuonyesha karatasi zake. Zangu zilizidi za abiria wengine kwa mbili: cheti cha kuzamia peke yangu, na fomu ya kukubali kwamba likinipata jambo huko chini hakuna aliyepangiwa kunifuata. Nahodha aliisoma fomu polepole, kisha akataka kukagua vifaa vyenyewe, kimoja kimoja. Nilimpenda kwa hilo. Boti nyingine niliyoiulizia ilinijibu kwa ufupi kuwa asiye na mwenzi hazamii, cheti au bila cheti.

Watu hudhani mzamiaji wa peke yake husafiri mwepesi, kumbe hubeba mizigo ya wawili. Mimi huvaa mitungi miwili ubavuni, isiyounganishwa, kila mmoja na regulata yake, yaani kifaa cha kupumulia, na geji yake ya shinikizo. Huvuta bar 30 (bar ni kipimo cha shinikizo) za huku, kisha bar 30 za kule, ili mmoja ukigoma, uliobaki uwe na gesi ya kunifikisha juu. Kompyuta za kuzamia, zinazoonyesha kina na muda, ziko mbili, moja kila mkono. Mfukoni nina barakoa ya akiba, boya la kujaza hewa na kamba yake, na visu viwili. Visu si vya papa. Ni vya nyuzi za wavuvi, ambazo hunasa kwenye meli zilizozama na kubaki humo miaka, nyembamba kiasi kwamba huzioni mpaka zimeshakushika. Shirika la mafunzo ya uzamiaji la SDI, lililonipa cheti, halimpokei mwanafunzi asiyetimiza umri wa miaka 21 na mizamo 100, na sehemu kubwa ya mafunzo yake ni hesabu tu. Nikiwa nimetulia hutumia lita 15 za hewa kwa dakika juu ya maji. Kwenye mita 40 shinikizo ni bar 5, kwa hiyo lita hizo zinakuwa 75. Mtungi wa lita 11 uliojazwa bar 200 ungeniishia kwa nusu saa hivi, na hapo moyo haujaanza kwenda mbio.

Meli yenyewe iko maili 24 kusini-mashariki mwa Pensacola, katika Ghuba ya Mexico, kwa hiyo kuna muda wa kutosha wa kukaa na mawazo. Oriskany ilikuwa manowari ya kubeba ndege, yenye urefu wa zaidi ya mita 270. Ilianza kazi mwaka 1950, ikapigana Korea na Vietnam. Oktoba 1966 moto ulizuka ndani yake na kuua watu 44. Mwaka uliofuata, John McCain, rubani aliyekuja kuwa seneta, aliruka na ndege kutoka sitaha yake siku ile alipotunguliwa Hanoi. Ilistaafishwa mwaka 1976, ikauzwa kama chuma chakavu, lakini mnunuzi akashindwa na jeshi la majini likairudisha. Mwishowe, tarehe 17 Mei 2006, ililipuliwa matundu kwa makusudi na kuzama kwa dakika 37 tu, ikitanguliza tezi, yaani sehemu ya nyuma. Ilitua wima.

Sababu ya kuizamisha unaielewa ukitazama ramani ya sakafu ya bahari hapa: mchanga, mchanga, tena mchanga. Matumbawe na viumbe wengine wa bahari wanahitaji kitu kigumu cha kushika. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema ilikuwa zawadi kwa samaki. Ndani ya nyaya zake zilibaki zaidi ya kilo 300 za kemikali zenye sumu za PCB, na ilibidi mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, itoe kibali kwanza. Kuichana meli kubwa hivyo kungekuwa gharama. Kuizamisha kulileta watalii. Mimi ni mmoja wao, kwa hiyo sina haki ya kulalamika sana.

Wengine waliruka wawili wawili. Nilisubiri hadi kamba ya boya ikawa tupu, nikashuka nikiishika kwa vidole viwili kwa sababu ya mkondo. Kwa muda kulikuwa na buluu tu. Kisha kitu kama paa la jengo kikajitokeza chini ya mapezi yangu: kilele cha mnara, mita 25 hivi. Kolekole walikuwa wanauzunguka kwa kundi, na mizia wawili wamesimama pembeni bila kusogea, meno nje.

Nilishuka upande usiopigwa na mkondo. Hapo bahari ilitulia ghafla, nikaweza kusogeza uso hadi kwenye bamba la chuma. Huwezi kukiona chuma chenyewe. Kimefunikwa na chaza, sponji za rangi ya chungwa na magamba ya viumbe waliokwisha kufa, na ndani ya gamba moja tupu samaki mdogo kuliko kidole changu cha mwisho alikuwa ametoa kichwa. Kila nilipotoa mapovu alirudi ndani, kisha akachungulia tena. Nilikaa naye muda mrefu kuliko nilivyokaa na meli.

Madirisha ya mnara yako wazi, mapana, na yanakaribisha. Sikuingia. Mwenye paa juu ya kichwa hawezi kupanda moja kwa moja, na aliye peke yake hana wa kumshikia taa. Kwenye kizingiti cha dirisha moja samaki simba watatu walikuwa wametandaza miiba yao. Hao si wenyeji wa ghuba hii. Asili yao ni bahari za Hindi na Pasifiki, na hapa wanamaliza vifaranga vya wengine.

Kwenye mita 38 nilisimama na kutazama chini. Sitaha ya ndege ilionekana wazi, tambarare, ikipotelea mbali pande zote. Ilipozamishwa ilikuwa futi 135 chini ya maji. Kimbunga Gustav cha mwaka 2008 kikaisukuma futi kama 10 zaidi, kwa hiyo sasa ni mita 44. Gesi yangu ilikuwa nitroksi, hewa iliyoongezwa oksijeni hadi asilimia 28, ukomo wake mita 40, kwani chini zaidi oksijeni hiyo huweza kuwa sumu. Nilihisi ulevi wa kina, ule unaoletwa na naitrojeni, umeanza kunipapasa: nilikuwa nimesoma geji moja mara mbili bila kukumbuka namba. Nikageuka.

Kwenye mita 5, mzamiaji anaposimama kidogo kwa usalama kabla ya kutoka, niliwaona wawili waliounganishwa asubuhi ile bila kujuana. Mmoja alikuwa kwenye kamba, anazungukazunguka kumtafuta mwenzake, ambaye tayari alikuwa ngazini akivua mapezi. Vyeti vyao havikuwa na kasoro.

Mzamo wa pili niliufanya juu juu, kwenye mita 30, nikirudi kumtafuta yule mdogo wa kwenye gamba, nisimpate. Njiani kurudi nahodha aliniuliza kama siku nyingine nitataka sitaha. Nikamwambia nikija kwa sitaha nitakuja na heliamu, gesi isiyolevya kinani, ndani ya mitungi, na heliamu inataka mafunzo mengine na pesa nyingine. Akaniambia mwezi Septemba ana viti vinne vya watu wa namna hiyo, kimbunga kisipoamua vinginevyo.