Mlima ukilala, steshenari kwangu kunajaa

Habari zenu wapendwa, poleni na mvua. Huku Moshi masika imeshika kweli kweli, wiki nzima hatujauona mlima Kilimanjaro, barabara za ndani zote matope, na mimi nipo hapa steshenari kwangu karibu na stendi na printa yangu kama kawaida. Mwezi wa nne na wa tano ndo miezi ninayopata wateja wengi wa CV kuliko yote, na sababu ni hiyo hiyo mvua, mlima umelala, wageni wa kupanda hawapo, na vijana wameshuka wote mjini.

Mtu wa mbali akisikia Moshi au Arusha anajua kule utalii upo, vijana wanashika dola. Hela ipo sikatai, ila inakuja kwa msimu. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi mji unachangamka, inarudi tena kidogo kuanzia Desemba mpaka Februari, hapo hata dogo aliyemaliza kidato cha nne juzi anaweza akapata tripu ya kupanda na wageni. Mvua kubwa ikianza wanarudi kijiweni, wanaazimana bodaboda angalau mtu apate hela ya kula, na wengine ndo wanakumbuka kabatini kuna vyeti.

Mdogo wangu anayenifuata mimi ana digrii ya uhasibu, na huu ni mwaka wa tatu anabeba mizigo mlimani. Sisi huku wapagazi tunawaita wagumu. Mwaka jana mwezi wa saba alinipigia alfajiri, dada niletee lile koti zito nimelisahau, nikachukua boda mpaka geti la Machame. Nilichokiona pale sijakisahau. Nje ya geti vijana zaidi ya thelathini wamesimama na mabegi yao mgongoni, hawana tripu, hawajaitwa na mtu, wanasubiri tu itokee. Ndani mizigo inapimwa kwenye mizani moja moja, mgumu haruhusiwi kuzidisha kilo 20, ukizidi wanapunguza wanamwongezea mwingine. Kiongozi ana daftari anaita majina. Kuna kijana mmoja viatu vyake soli imeachia, akaambiwa hivyo huendi navyo, akatoka kwenye mstari anavishika mkononi, na kabla hajafika hata pembeni wale wa nje walikuwa wameshasogea wote kwa pamoja, kiongozi mimi hapa, kiongozi mimi, nina viatu. Mmoja akachukuliwa. Mdogo wangu alikuwa kwenye daftari, akanipungia mkono akasema dada nimeingia.

Siku sita juu, wakashukia geti la Mweka. Ile barabara ya kushuka kuja mjini inapita pale chuo cha wanyamapori, chuo kipo tangu 1963 watu wanatoka nchi nyingi za Afrika kuja kusoma, na vijana wetu wanapita hapo kwenye gari wamechoka hata kuangalia nje hawawezi. Malipo yanayojulikana ni elfu 20 kwa siku. Yeye siku ile alipata tipu tu, mshahara akaambiwa wiki ijayo, ikaja kuwa wiki tatu, na ilipokuja ilikuwa elfu 12 kwa siku bila maelezo. Akiuliza anaambiwa kama hutaki wapo wengine, na ni kweli wapo, mimi nimewaona wamesimama pale getini. Hiyo ndo inaniuma, maana mtu amebeba hema na gesi na kiti cha mgeni mpaka kambi ya Barafu, hiyo sio hela ya kuomba.

Kuna kitu alinifanyisha nikalia baada ya kuondoka. Alinambia dada nitengenezee CV mbili, ya ofisini weka digrii, ya mlimani itoe, wakiona digrii wanasema huyu atatusumbua. Nikaifuta. Mzee wetu alifanya kazi kiwandani hapa hapa Moshi akaishia darasa la saba, na mwisho wa mwezi alikuwa analeta mshahara nyumbani.

Mnakumbuka TRA, wale wa mapato, walivyotangaza nafasi za kazi mwaka 2025? Hapa kwangu foleni ilitoka mpaka nje, watu wanaskani vyeti, wanapiga picha za pasipoti, wanatafuta muhuri wa wakili. Nafasi zilikuwa 1,596 na walioomba 135,027. Nilipiga hesabu kwenye kikokotoo cha duka, karibu watu 85 wanagombania kiti kimoja. Simlaumu kijana yeyote aliyeomba, mdogo wangu na yeye aliomba, ila kuna mama alikuja kulipia makaratasi ya usaili ya mwanae, ametoa hela ya mbegu ya mahindi, na usaili ukiwa mkoa mwingine kuna nauli, pa kulala na chakula. Hakupata.

Alafu kuna hili la kujitolea. Binti mmoja mteja wangu ana diploma ya hoteli, amejitolea sehemu moja Arusha miezi 11, nauli anajitegemea, anatandika vitanda sawa na walioajiriwa, kila akiuliza anaambiwa vumilia tunakuangalia. Mwezi wa 12 wakaleta wanaojitolea wapya wakamwambia asante. Na matangazo ya kazi bado yanataka uzoefu miaka mitatu. Jamani mtu akifanya kazi yenu yote huyo ni mfanyakazi wenu, mlipeni.

Nimeona na waliotoka, nisiseme uongo. Kijana mmoja alikuwa mgumu, akawa anasoma Kijerumani usiku kwa simu, sasa hivi anaongoza wageni na kampuni ndo zinamtafuta. Na kuna mabinti watano niliwachapia katiba ya kikundi, wakaomba ule mkopo wa halmashauri usio na riba, ile asilimia 10 ambayo 4 ni ya vijana, 4 ya wanawake na 2 ya wenye ulemavu, wakanunua mashine wanafua mifuko ya kulalia na mahema ya kampuni zikitoka mlimani. Ila na wao sasa hivi mashine zimefunikwa shuka, mpaka mwezi wa sita.

Mdogo wangu nimeshamnunulia daftari, kila tripu anaandika tarehe, jina la kiongozi, siku ngapi na alichoahidiwa, na wenzake wanne wameanza kuandika pia. Kama wewe unayesoma una kampuni na msimu huu utapandisha wageni, nakuomba, beba na hela ya wagumu uje nayo pale Mweka, walipe siku ile ile wanayoshuka kabla hawajapanda gari.

Kuna mtu amesimama hapa na bahasha ya vyeti imelowa, ngoja nimkaushie niskani.