Nilivyozizoa linki za uongo kwenye tovuti ya ami

Hapa Unguja wapo vijana wanaopita kwenye nyumba za wageni na ofisi za watembezaji wakiuza linki, yaani viungo vya kuelekeza kwenye tovuti yako kutoka tovuti nyengine, ambavyo Google huvihesabu kama sifa. "Linki mia tano kwa mkupuo, mwezi haujesha uko ukurasa wa kwanza wa Google, na Google hawezi kujua." Ami yangu wa Jambiani aliuziwa hizo, akatoa dola mia na ushei, na kazi ya kuzizoa ikaniangukia mimi. Nimeimaliza, na leo najisifu.

Mwanzo zilimpandisha kweli, ndiyo maana hakunisikia. Halafu ukaingia ujumbe kwenye Search Console, pale Google inapozungumza na wenye tovuti: tovuti imepewa adhabu kwa linki zisizo za kawaida. Ukitafuta safari za Mnemba au shamba la viungo, humuoni tena. Fundi aliyemuuzia alipopigiwa simu alijibu kwa utulivu kabisa: "Ami, hilo dogo, tuongeze linki zenye nguvu zaidi." Nikamnyang'anya ami simu.

Eti Google hawezi kujua! Mwaka 2011 duka kubwa la Marekani, JC Penney, liliumbuliwa na gazeti la New York Times kwa mchezo huu huu, likaporomoka kwenye matokeo. Aprili 2012 Google wakaleta Penguin, mfumo maalumu wa kunasa linki za kupanga. Tangu 2016 Penguin inafanya kazi muda wote, na linki nyingi mbovu inazipuuza tu, yaani pesa yako imeliwa na hata adhabu hupati. Ami alipata vyote viwili.

Nikashusha orodha ya linki, nikaimwaga kwenye Excel. Wallahi nilicheka. Kulikuwa na tovuti ya Kirusi ya dawa za mbwa: katikati ya maelezo ya viroboto, sentensi moja inawasifu kima punju wa Jozani, na hapo ndipo linki ya ami. Kamari, mikopo, madawa ya nguvu za kiume, kote ami yumo, kwa maneno yale yale: ziara ya Zanzibar bei poa. Biashara mia zilizokusifu kwa hiari yao haziwezi kutumia maneno mamoja. Ukitaka kujua kama umeuziwa takataka, anzia hapo.

Mtaalamu mmoja wa mjini akanishauri niandike domeni zote, yaani majina ya tovuti hizo, kwenye faili la kuzikana, la kumwambia Google asizihesabu linki hizo, nilipandishe, niombe kuangaliwa upya, kwisha. Tukafanya hivyo. Tukasubiri wiki kadhaa, jibu likaja: ombi limekataliwa. Kumbe maelezo ya Google yenyewe yanasema wazi kuwa faili peke yake halitoshi, lazima uoneshe umehangaika kuziondoa linki zenyewe. Huyo mtaalamu hakuwahi kuyasoma, na ada yake alichukua.

Basi nikaanza kuwaandikia wenye tovuti. Wengi kimya. Mmoja akataka dola kumi kwa kila linki anayoifuta! Amelipwa kuweka, sasa alipwe kutoa. Sikumpa hata senti. Jibu lake nikalihifadhi kama ushahidi.

Hapo ndipo akili ilipofanya kazi. Nilikuwa nasoma kurasa za sera ya faragha za tovuti hizo kutafuta anwani za barua pepe, nikaona neno moja limekosewa herufi ile ile kwenye tovuti ya kamari na ya dawa za mbwa. Nikalitafuta kosa hilo kwingine: tovuti kadhaa wa kadhaa, kosa moja, anwani moja. Mwenyewe ni mmoja! Nikamwandikia kwa adabu zote: orodha yako yote ninayo, naipeleka Google pamoja na ombi langu, na tangu Desemba 2022 mfumo wao wa SpamBrain unawasaka wauzaji wa linki sawasawa na wanunuzi. Alizifuta zote bila kuniaga.

Zilizobaki nikazikana kwa "domain:" mbele ya kila jina, tovuti nzima badala ya ukurasa mmoja mmoja. Jedwali la nani niliyemwandikia, lini, na alijibu nini, nikaliambatanisha. Adhabu ikaondolewa. Alhamdulillahi.

Ami akalalamika kwamba hakurudi pale alipokuwa. Hawezi kurudi, kwa sababu kilichompandisha hakihesabiwi tena. Nikamkalisha kitako anieleze maji. Kila mgeni anayefika pwani ya mashariki wakati wa kupwa huuliza bahari imekwenda wapi, na ami amevua maisha yake yote. Tukaweka ukurasa wa nyakati za kupwa na kujaa, bamvua na maji mafu, lini wakulima wa mwani wanashuka, lini mtu anaweza kuogelea bila kutembea mpaka mwambani. Walimu wa kaiti wa Paje wakauwekea linki bila kuombwa, kisha nyumba za wageni, kisha wapiga picha. Ukurasa wa bei haujawahi kupata hata moja.

Na ukilipia tangazo kwenye tovuti ya mtu, hakuna ubaya, mwambie tu aitie linki alama ya "sponsored", ya kumjulisha Google kuwa imelipiwa, ipo tangu 2019. Akikuambia alama hiyo itaua nguvu ya linki, basi huyo si tangazo anakuuzia.