Siku tatu na shimo moja

Mtwara, Jumatatu usiku, wiki ya mwisho ya Agosti

Bosi amekubali. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ni zangu. Jumatatu saa 2 asubuhi niwe nimesharudi dukani, nimesimama mbele ya kile kitambaa cha bluu, nawaambia watu wainue kidevu kidogo, wasitabasamu, picha ni ya pasipoti. Mwaka mzima napiga watu wasioruhusiwa kutabasamu. Sasa nataka siku tatu za kupiga vitu visivyosikia amri yangu.

Shida ni wapi. Tangu Alhamisi kuna karatasi juu ya meza yangu yenye majina ya mahali. Usiku nakata jina moja, asubuhi nalirudisha. Kwa kasi hii Ijumaa itanikuta bado nashika kalamu.

Nilianza kwa kusoma ushauri wa wapiga picha wa nchi za baridi. Kwao huu ndio mwisho wa majira ya joto, na wote wana haraka: wahi kabla siku hazijawa fupi, wahi kabla majani hayajageuka. Nikacheka peke yangu. Hapa kwetu Agosti ni kipupwe kinaaga. Alfajiri bado natafuta shuka, kusi bado linapiga mabati, na siku haina mpango wa kuwa fupi wala ndefu. Majani nayo yanageuka rangi, lakini kinyume na kwao: miti ya miombo huwa myekundu kama shaba inapochipua upya kabla ya mvua, si inapopukutika. Hayo ni ya mwezi ujao na kuendelea. Basi nikauacha ushauri wao, nikatoa jedwali la maji kupwa na maji kujaa.

Jina la kwanza kwenye karatasi ni ufukwe wa Msimbati. Mpiga picha yeyote wa Mtwara ukimuuliza aende wapi, mdomo unasema Msimbati kabla kichwa hakijafikiri. Si bure. Ni kilomita 40 hivi kutoka mjini, jua linachomoza baharini mbele ya uso wako, na eneo lote limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000: kilomita za mraba 650 za bahari, matumbawe, mikoko na vijiji vya watu. Miezi hii nyangumi wenye nundu wanapita na watoto wao.

Lakini nyangumi hapigwi picha akiwa mbali huko na wewe umekaa mchangani. Unahitaji mashua, mafuta, na nahodha mwenye subira. Hivyo vitatu mshahara wangu hauvijui. Nina Canon ya mtumba na lenzi yake ndogo, pamoja na lenzi ya kuvuta mbali, 70–300, ya kuazima ambayo mwenyewe ananipigia simu kila wiki kuulizia afya yake. Kwa lenzi hiyo, nyangumi wa kutoka ufukweni ni nukta. Niseme ni nyangumi, wenzangu watasema ni gogo.

Ninachokipenda Msimbati hasa ni bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu. Maji yakitoka, yanatoka kwelikweli. Mchanga unabaki na mistari kama ubao uliopigwa randa, kina mama wanaingia na fimbo zao kutafuta pweza, na wale ndege weusi kwa weupe wenye mdomo mnene wanafukuza kaa. Nikaangalia jedwali. Wikiendi hii mwezi utakuwa nusu. Maji mafu. Bahari itasogea kidogo, itarudi kidogo, kama mtu anayegeuka kitandani. Na kusi nalo bado halijachoka. Mwaka jana lilinitilia mchanga kwenye shingo ya lenzi. Mpaka leo nikiizungusha inasaga kama wali wa mchele uliopetwa vibaya. Ile ni yangu, naivumilia. Hii ya kuazima sitathubutu. Msimbati nikaikata, na safari hii sikuirudisha.

Mikindani sikuiandika hata kidogo. Naipita kila mwezi kwenda kupiga harusi, na ghuba yake naijua mpaka mashimo ya barabara.

Rondo nimeishikilia siku mbili nzima, nakiri. Ule ni uwanda wa juu upande wa Lindi, wenye msitu wa hifadhi, na ndani yake anaishi komba mdogo kuliko komba wote, anaitwa kwa jina la Rondo hiyohiyo. Uzito wake ni gramu 60 hivi, na mkia wake una manyoya kama burashi ya kusugulia chupa. Kwingineko anapatikana katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania, na vipande hivyo vinazidi kupungua. Nilijiona kabisa nimepata picha yake, macho mawili makubwa gizani, watu wote wa Mtwara wananiuliza nimempataje.

Hapo ndipo nilipojishtukia. Komba anatembea usiku. Msitu unahitaji kibali na mtu wa kukuongoza. Siku moja ingeisha njiani na kwenye makaratasi, usiku mmoja ningetafuta, usiku wa pili ningekuwa nimechoka. Na ningempata, ningemmulika na fleshi usoni, kiumbe cha gramu 60, ili nini? Nilikuwa nataka watu waniulize. Komba mwenyewe sikuwa na haja naye sana. Nikakata.

Tendaguru ilikuja baada ya hapo kwa sababu ya ubishi tu. Ni kilima cha bara, kaskazini-magharibi ya Lindi mjini, mahali Wajerumani walipochimba mifupa ya dainosori kuanzia 1909 hadi 1913. Dainosori mmoja amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, urefu wake zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mifupa yote ile ilifika bandarini Lindi kwa vichwa na mabega ya wapagazi, kwa miguu, siku kadhaa porini. Siku hizi ukienda unakuta nyasi na vichaka. Ningeipenda picha ya nyasi hizo, lakini picha inayohitaji maelezo ya kurasa mbili chini yake mimi naiona bado haijawa picha. Labda mvivu ni mimi.

Masasi nayo ina miamba mizuri, ile milima ya mawe inayosimama peke yake kama imesahauliwa na fundi. Kila aliyewahi kupanda basi la Songea anayo picha yake, imepigwa kupitia dirisha. Kilwa ni mbali kwa siku tatu, na nikifika najua nitaishia kwenye magofu, si kwenye viumbe. Zote mbili nimekata.

Ikabaki Newala. Newala niliiandika chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwa sababu Newala ni nyumbani, na mtu akienda nyumbani haitwi msafiri. Anaitwa mtoto, anatumwa sokoni.

Lakini tuhesabu. Newala mjini imekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na pale Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafla. Unasimama juu, mbele yako bonde linashuka na kushuka mpaka Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Kipupwe kinapoaga, asubuhi nyingine ukungu unalala bondeni chini ya miguu yako. Asubuhi hiyohiyo kuta za shimo ziko kivulini, kwa hiyo unapiga ukungu, si kuta. Jioni jua linahamia upande wa pili na kuta zinapata zamu yao. Miezi hii watu wanachoma mashamba, moshi unatanda, na jua likizama linakuwa jekundu kama pilipili iliyoiva. Moshi huo ungenikera kama ningetaka kuona mbali. Mimi nautaka. Unafanya kila kilima kipauke zaidi kidogo kuliko kilichokitangulia, mpaka cha mwisho hujui kama ni kilima au ni wingu.

Huko mwanga mzuri ni mfupi mno. Jua linachomoza kama saa 12 na nusu, na ikifika saa 1 na nusu lishakuwa kali. Muda wa saa moja tu asubuhi, na wa saa moja tu jioni, mara siku tatu. Hata nisipopoteza hata moja, jumla ni saa sita za kazi. Zinazobaki ni za kukaa na mama.

Ipo hatari moja: salfa. Mikorosho iko kwenye maua, na wakulima wanapambana na ugonjwa wa ubwiri unga kwa kupuliza ule unga wa njano wa salfa alfajiri, wakati upepo umetulia, yaani saa ileile ninayoitaka mimi. Mwaka juzi nilibadilisha lenzi katikati ya shamba la mjomba kama mtu asiye na akili. Kwa miezi miwili kila picha niliyopiga ilikuwa na doa palepale, juu kushoto. Bibi harusi mmoja aliniuliza kama lile ni jicho baya. Nikamwambia ni ndege.

Jana jioni nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unaumwa?"

Nikamwambia siumwi, nataka kuja Ijumaa, nataka kupiga picha Shimo la Mungu. Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Unatoa nauli Mtwara mpaka huku, uje kuliangalia lile shimo?"

"Ndiyo mama. Ni zuri."

"Zuri!" Akacheka mpaka akakohoa. "Sisi wenzio tulikuwa tunalishuka na ndoo."

Hili nilikuwa nalijua, ila nalijua kama mtu anavyojua jina la babu wa babu. Uwanda wetu ni wa mchanga. Mvua ikinyesha maji yanazama chini moja kwa moja, hayakai, na yanakuja kutokea kwenye chemchemi huko chini ya mteremko. Mradi wa kupandisha maji juu kwa mitambo ulijengwa tangu miaka ya 1950, lakini mama alikulia mahali ambapo bomba lilikuwa la kuning'inizia nguo. Walikuwa wanaondoka jogoo la kwanza, yeye na dada zake, ngata mkononi. Kushuka ni mchezo. Kupanda, anasema, unayatazama mawe tu, huinui kichwa, maji yatamwagika. Nikamuuliza jua lilikuwa linaonekanaje kutoka njiani.

"Nitajuaje? Nilikuwa na ndoo kichwani."

Nimekaa na sentensi hiyo tangu jana. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule, alifika Newala na kamera na mashine ya kunasa sauti, akapiga watu picha. Baada yake wamekuja wengi, na wengi wamesimama ukingoni palepale ninapotaka kusimama mimi, wakapiga kwenda mbali. Bonde, mto, Msumbiji. Mimi mwenyewe ninazo picha za hivyo nne, za zamani, za simu. Hakuna hata moja inayotazama chini, kwenye miguu. Njia ambayo mama ameipanda maelfu ya mara sijui hata iko upande gani.

Kwa hiyo ni Newala. Karatasi nimeikunja. Mandhari nitaipiga, siwezi kujizuia, Jumamosi jioni kama moshi utakubali. Lakini Jumamosi asubuhi na Jumapili asubuhi nataka kuishuka njia ile na lenzi ndogo tu, nipige mawe, mizizi, na kama chemchemi bado ipo, nipige chemchemi. Ya kuazima itabaki ndani kwa mama, imefungwa kwenye khanga.

Leo mchana nimempigia tena kumuuliza njia inaanzia wapi. Yeye hawezi kunipeleka, goti limegoma tangu mwaka jana. Akanielekeza vizuri kabisa, polepole, kama anayemtuma mtoto dukani: pita kwa marehemu shangazi, shika upande wa jua kuzama, utaukuta mwembe mkubwa, njia iko nyuma yake.

"Mwembe upi, mama? Pale hakuna mwembe."

"Ulikatwa," akasema. "Lakini ukifika utajua ulipokuwa."

Halafu akaniagiza dagaa wakavu kilo mbili, na betri za redio.