Tabaka la Mbele

Picha ya harusi ya mama yangu ipo moja tu, nyeusi na nyeupe, na ndani yake mkono wake wa kushoto umeshika kichwa. Bega limeinuka kidogo, vidole vimezama kwenye shela, macho hayamtazami mpiga picha. Tulipokuwa wadogo, mimi na dada yangu tuliamini kwamba yale ni maringo. Tulikuwa tukichomoa chandarua kitandani, tunajitanda, tunashika kichwa kwa mkono mmoja na kutembea polepole kutoka chumbani hadi sebuleni, tukimwiga bibi harusi wa kwenye picha. Mama akitukuta alitugombeza kwa ajili ya chandarua. Kuhusu mkono hakuwahi kusema neno.

Zamu yangu ilipofika, gauni sikulijua, maua sikuyajua, lakini shela nililijua: lenye matabaka mawili, moja la nyuma na moja la kufunika uso. Sababu haikuwa urembo. Sipendi kutazamwa. Nikisimamishwa mbele za watu mashavu hunitetemeka, na nikishajua yanatetemeka ndiyo huzidi. Nilipiga hesabu ya njia ya kutoka mlangoni hadi madhabahuni, nikaona hapana, ile njia siipiti uso mtupu.

Mama hakupenda. "Uso wa bibi harusi ni wa kuonwa," aliniambia. "Wewe unajifunika, una deni la nani?"

Shela la kwanza nililojaribu lilikuwa la dukani, lenye matabaka matatu ya neti ngumu iliyosimama kila upande. Nilijitazama kwenye kioo nikajiona kama keki iliyofunikwa isituliwe na nzi. Muuzaji alisifia. Mama alikaa kimya, na ukimya wa mama mimi naujua. Tukaondoka, tukaenda kwa fundi, mama mtu mzima ambaye kazi yake yote ilikuwa mashela na magauni ya harusi, na meza yake ilikuwa na pini nyingi kuliko nafasi ya kuweka kikombe.

Huyo fundi ndiye aliyenifungua macho. Nilikuwa nikidhani shela la matabaka mawili ni vipande viwili vilivyoshonwa pamoja. Akachukua karatasi, akaikunja pasipo katikati, sehemu moja ndefu na nyingine fupi, akaniwekea kichwani. "Ni neti moja, mwanangu. Ndefu inakwenda nyuma, fupi inakuja mbele. Hapo penye mkunjo ndipo tunapokusanya marinda na kushona kitana." Neti yake ilikuwa na upana wa sentimita 270 na zaidi, na upana wote huo ulitakiwa kukusanywa uingie kwenye kitana kisichozidi kiganja. Ndiyo maana shela hutuna pale juu kichwani kisha likamwagika. Marinda ndiyo yanayolisukuma.

Hesabu ya urefu nayo haikuwa ya mchezo. Tabaka la mbele halikai mbele siku nzima. Likishafunuliwa, linarushwa nyuma na kuwa tabaka la juu la mgongoni, kwa hiyo unapolipima usoni unakuwa unapima na mgongo. Fundi alinikatia sentimita 75 mbele, lishuke lipite kifua, na 110 nyuma, liishie karibu na ncha za vidole. Alikataa katakata matabaka yote mawili yaishie karibu karibu, na alikataa lolote liishie pale pale kiunoni gauni lilipokatwa. "Utaonekana umekatwa vipande," alisema, akinipiga mstari tumboni kwa ukingo wa kiganja chake.

Mama akapata pa kushikia. Gauni langu lilikuwa na vifungo vidogo mgongoni, mstari mzima kutoka shingoni hadi kiunoni. "Na vile vifungo vyote, tabaka mbili zikishalala juu yake, ataviona nani?" Alikuwa na haki. Tabaka moja la neti karibu halionekani. La pili likilala juu yake linaleta ukungu, na la tatu ni pazia. Tulijaribu kipande cha hariri na kipande cha nailoni juu ya vifungo vile. Hariri ilianguka kama maji na kulala, nailoni ikakaa mbali kidogo na mwili, na nilipogeuka vifungo vikaonekana kupitia kwenye ile nafasi. Tukachukua nailoni, ile laini kabisa. Rangi nayo ilitushinda mara mbili, kwa sababu gauni lilikuwa la rangi ya maziwa na neti nyeupe pee ikiwekwa juu yake gauni lilionekana kama limefuliwa kwa maji ya tope.

Mimi nilitaka lesi pembezoni. Fundi akasema lesi kwenye tabaka mbili ni mistari miwili, na wa mbele utapita kifuani kama kamba ya kuanikia nguo. Akachukua mkasi, akakata kipande cha neti mbele yangu, akanipa nivute ukingo. Haukuchomoka uzi hata mmoja. Neti haihitaji pindo. Baadaye nilisoma nikajua mambo hayo yana historia: zamani neti hii ilifumwa kwa mikono, tundu kwa tundu, mpaka Mwingereza John Heathcoat alipobuni mashine ya kuzungusha nyuzi zikatengeneza vitundu vya pembe sita, akaipatia hataza, yaani haki ya mbunifu, mwaka 1809. Mwaka 1816 watu wakavamia kiwanda chake mjini Loughborough na kuzivunja mashine zake. Kitu chepesi kiasi kile kilishapiganiwa kwa nyundo.

Siku ya kujaribu mara ya pili, kitana kilikuwa kimeshashonwa. Mama akakichukua kabla sijakigusa, akapitisha kidole gumba kwenye meno yake, akakipinda, akakinusa hata, sijui kwa nini.

"Hiki hakitashika," akasema.

Fundi akaanza kujitetea, mama akamkatiza kwa upole. Ndipo akaeleza, akimwambia fundi na si mimi, kama watu wazima wanavyofanya wanapotaka mtoto asikie. Shela alilovaa yeye lilikuwa la kuazima. Jirani aliolewa mwaka mmoja kabla yake, na shela lilikuwa lake, na alitaka lirudi jioni ileile kwa sababu kulikuwa na mwingine aliyelingojea. Kitana chake kilikuwa kimevunjika meno mawili. Tangu asubuhi alilisikia likiteleza kila akipumua.

"Kwa hiyo kwenye picha..." nikasema.

"Mpiga picha aliniambia nishushe mkono. Ningeushusha, shela la watu lingekuwa chini."

Miaka yote ile tulikuwa tunacheza maringo yake, kumbe alikuwa ameshika mali ya watu isianguke.

Usiku ule sikulala mapema. Nilisoma habari za mashela mpaka macho yakawasha, na kesho yake nikampelekea mama habari ya Malkia Victoria wa Uingereza, aliyeolewa mwaka 1840 akiwa na shela la lesi ya Honiton, mji wa Uingereza. Lilikuwa la kwake, akalitunza. Bintiye wa mwisho, Beatrice, alipoolewa mwaka 1885, alilivaa lilelile. Na malkia alipofariki mwaka 1901, alilazwa jenezani na shela lake la harusi. Nilidhani mama atacheka. Akafikiri kidogo, akasema, "Kuzikwa nalo! Mimi langu nililirudisha bado lina jasho."

Tangu siku hiyo hakusema tena habari za uso wangu kuonwa. Hamu yake yote ilihamia kwenye kitana. Fundi alibadilisha, akaweka cha chuma chenye meno marefu yaliyopinda kidogo, na akashona vitanzi viwili vidogo vya uzi pembeni pa kupitishia pini. Mama akavihesabu, kana kwamba vitanzi viwili vinaweza kumpotea.

Usiku wa kuamkia harusi shela lilikuwa na mikunjo ya kukaa kwenye boksi. Tulilitundika bafuni, tukafungulia maji ya moto, mvuke ukalinyoosha taratibu. Lakini mama mdogo, kwa mapenzi yake, akaona kona moja bado, akaiweka pasi. Nailoni haina msamaha. Harufu ilitufikia kabla ya kelele zake. Tundu la ukubwa wa gumba, kwenye tabaka la nyuma, chini kabisa pembeni. Mama mdogo alilia kuliko mimi. Fundi akapigiwa simu usiku ule, akauliza swali moja tu: ni karibu na ukingo? Kisha akasema, "Kateni. Kateni mviringo, na upande wa pili mkate vilevile. Si ndiyo maana tuliacha bila lesi?" Dada yangu akakata, ulimi nje, mkasi ukitembea bila kunyanyuliwa. Mpaka leo hakuna aliyewahi kuona kwamba shela langu lina kona mbili za mviringo ambazo hazikupangwa.

Asubuhi mama alisimama nyuma ya msusi kama mkaguzi. Alitaka kisuko chembamba kisukwe kulala utosini, chini ya nywele zilizobanwa, ili meno ya kitana yapate mahali pa kuuma. Msusi akasema hajazoea hivyo. Mama akasema naye hajazoea kuona bibi harusi anashika kichwa. Kisuko kikasukwa. Kitana kikaingizwa, kikafuatwa na pini tisa, zilizopishana mbili mbili kama msalaba, moja peke yake katikati. Halafu mama akashika shela kwa mkono mmoja, akalivuta. Kichwa changu kikaenda nyuma nusura nianguke na kiti.

"Sawa," akasema.

Mlangoni mwa kanisa, msimamizi wangu akaleta tabaka la mbele usoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa giza, au angalau ukungu. Halikuja lolote. Nilipokuwa bado nje juani neti iling'aa nyeupe, na nilisikia pumzi yangu ikiipeleka mbele na kuirudisha, ikinigusa kope. Lakini nilipoingia kivulini, ikapotea. Kitu kilicho karibu na jicho kiasi kile jicho halikioni. Linakipita na kutazama mbele. Niliwaona watu wote, hadi wa viti vya mwisho.

Wao hawakujua. Hilo ndilo sikulitegemea. Mtu akidhani humwoni, hautengenezi uso wake. Walinigeukia wakanitazama, nami nikawatazama kuliko nilivyowahi kutazama watu maishani mwangu. Mjomba alikuwa anachungulia saa. Mama mdogo alikuwa anatafuta ile kona kwenye shela, macho chini, midomo ikiomba. Mtoto mmoja alinipungia mkono, labda yeye ndiye pekee aliyejua kwamba naona. Mashavu yangu yalitetemeka njia nzima na sikujali.

Kisha nikamwona mama. Alikuwa amesimama kiti cha mbele, amegeuka kabisa kunielekea, na mkono wake wa kushoto umeshika kichwa. Kilemba chake kilikuwa kimefungwa imara, hakikuwa na shida yoyote. Bega limeinuka kidogo, vidole vimezama kwenye kitambaa. Kila hatua niliyopiga, vidole vile vilikaza. Hakuwa na habari navyo.

Mume wangu tulikuwa tumemfundisha namna ya kufunua: ushike chini kwa mikono miwili, unyanyue juu moja kwa moja, urushe nyuma, usivute pembeni. Alifanya mazoezi kwa shuka, akafaulu kila mara. Siku yenyewe alinyanyua vizuri mpaka usawa wa masikio, hapo neti ikanasa kwenye hereni. Fundi alinionya kuhusu hereni zile, lakini zilikuwa nzuri. Akavuta kidogo, ikanasa zaidi. Akaanza kuinasua, kichwa chake kimeinama karibu na changu, vidole vinene vinatafuta uzi ambao hata mimi siuoni, na kanisa zima likasubiri. Mtu akacheka, akafuatiwa na wengine. Nusu ya uso wangu ilikuwa ndani na nusu nje.

"Usitikisike," alininong'oneza.

Ikatoka, ikaacha tundu dogo kama la sindano kubwa. Kitana hakikusogea. Nilipogeuka kuwaelekea watu, uso mtupu, nilitazama kiti cha mbele kwanza. Mkono ulikuwa umeshuka.

Jioni, mama alinikalisha chini na kuanza kuchomoa pini, akizibana midomoni moja baada ya nyingine. Kisuko kilikuwa kimeuma kitana hata ikabidi akinyonge kushoto na kulia. Tabaka la mbele lilikuwa na alama ya poda usawa wa pua. Akalitandaza mapajani, akalilaza tabaka juu ya tabaka, akapangusa ile poda kwa ncha ya kidole, na kwa sauti ya mtu anayefikiria kazi za kesho akasema, "Tulikunje vizuri, asubuhi lirudi kwa mwenyewe."

Kisha akanyamaza, pini bado ziko mdomoni. Tulizihesabu zikawa nane. Ya tisa hatukuiona.