Siku Moja Maishani Mwangu: Jumamosi ya Mratibu wa Harusi

Saa kumi alfajiri nilikuwa nimeshaamka kabla simu haijalia, kama ilivyo kawaida yangu kila usiku wa kuamkia shughuli. Mimi ni mratibu wa harusi jijini Dar es Salaam. Jumamosi hii tulikuwa na wageni 400, meza 40 za watu kumi kumi, na ukumbi wa Sinza ambao tungekabidhiwa saa mbili asubuhi, wala si mapema zaidi. Wapo ndugu zangu ambao hadi leo huniuliza nitapata kazi lini, kwa kuwa wao hunikuta usiku tu, taa zikiwa zimewaka nami nimesimama kando ya mlango nimevaa nguo nyeusi. Ninawaandikia wao, pamoja na vijana wanaoniuliza kazi hii hupatikanaje.

Saa kumi na moja na nusu nilikuwa Mbezi Luis, katika Kituo cha Mabasi cha Magufuli, nikisubiri mawaridi kutoka Arusha. Basi lilichelewa dakika 50. Maboksi tuliyafungua palepale, tukakata ncha za vikonyo na kuyatia maua katika ndoo za maji, kwa sababu waridi lililosafiri usiku kucha likikutana tena na foleni ya Barabara ya Morogoro hufika ukumbini limeinamisha kichwa.

Saa mbili mlinzi alitufungulia. Mlangoni alikuwa amesimama binti mmoja mwenye bahasha ya kaki, ndani yake cheti cha VETA cha upishi na barua ya kuomba kazi. Aliniamkia, akaniambia kwamba kwa miezi mitatu amezunguka ofisi za kampuni za sherehe na kila mahali ameambiwa atapigiwa simu. Nilimwelewa vizuri, maana mwaka 2016 nilibeba bahasha ya namna hiyohiyo. Ajira zenye tangazo na mkataba katika fani hii hupatikana zaidi kwenye hoteli kubwa na kumbi za mikutano, kama zile za AICC jijini Arusha. Upande wa harusi, kampuni nyingi ni mtu mmoja mwenye simu, stoo ya viti na orodha ya vibarua anaowaamini, na jina huingia katika orodha hiyo kwa kuonekana kazini. Mimi niliingia kwa kupanga viti kwenye sendofu ya binamu yangu, nikabaki usiku kuvikusanya, na mpambaji akaomba namba yangu. Nilimwambia binti huyo ukweli pia kuhusu misimu: Desemba hatulali, lakini mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza kwa kupishana siku chache tu, na kwa wiki nyingi sikuwa na harusi hata moja. Akasema amesikia, akaweka bahasha juu ya spika na kuuliza aanze wapi.

Saa nne na dakika kumi meza zote zilikuwa zimetandikwa. Ndipo alipoingia shangazi wa bibi harusi.

Alisimama katikati ya ukumbi, akageuka taratibu mpaka akamaliza kuziangalia pande zote nne, kisha akaniuliza, "Binti, meza hizi ni za harusi ya nani?" Vitambaa vyetu vilikuwa vya rangi ya damu ya mzee. Yeye na akina mama wote wa upande wao walikuwa wameshona sare ya zambarau iliyokolea. Nilimwamkia, nikamletea kiti, akakataa kukaa. Nilifungua mkataba na kumwonyesha kipande cha kitambaa kilichobanwa kwa pini kando ya sahihi ya mwenyekiti wa kamati. Akakitazama, akasema karatasi haitamsaidia ndugu zake watakapopigwa picha. Tulimpigia mwenyekiti, naye akasema alidhani katibu ametuarifu. Katibu akasema mabadiliko ya rangi yalitangazwa katika kikao cha mwisho. Katika kikao hicho hatukualikwa. Mweka hazina, ambaye bado alikuwa na salio letu, hakupokea simu. Katika muda wote huo shangazi alirudia sentensi moja, kwamba ametoa mchango wake mapema kuliko wote na hawezi kuaibishwa. Vijana wangu sita walisimama bila kazi, huku mawaridi yakiendelea kufunguka kwenye ndoo.

Ninataka wasomaji waelewe kwamba sehemu hii ndiyo kazi yenyewe. Maua hujifunzwa kwa majuma machache. Kusimama mbele ya mama mwenye uchungu wa kweli, ukiwa na haki mkononi na bado ukatafuta namna ya kumtuliza, nimejifunza kwa miaka, na kila mara hunichosha kuliko kubeba meza. Shangazi wa bibi harusi ana nafasi yake, na siku ile alikuwa akiitetea. Nilimwambia kwamba vitambaa 40 vipya haviwezi kupatikana kabla ya jioni, lakini tunaweza kulaza utepe mpana wa zambarau katikati ya kila meza. Akanyamaza. Kisha akafungua kilemba chake, akanikabidhi, akasema, "Chukueni hiki, wasije wakakosea rangi tena."

Nilipoanza kukadiria mita, yule binti alikuwa ameshapiga hesabu: satini yenye upana wa mita moja na nusu hutoa vipande vitano vya sentimita 30, hivyo mita 20 zitatosha tepe 40 za mita mbili na nusu. Kijana mmoja alipanda bodaboda kwenda Kariakoo na kilemba kifuani. Fedha zilitoka mfukoni mwangu. Alirudi saa saba kasoro, tukakata sakafuni, na binti akapitisha kingo kwenye mwali wa mshumaa ili nyuzi zisifumuke, utepe baada ya utepe, hadi saa tisa na nusu. Hakuunguza hata mmoja.

Ibada ya ndoa, wapishi, jenereta na fundi wa muziki vilikwenda kama ilivyopangwa. Matarumbeta yaliwaingiza maharusi saa mbili usiku badala ya saa moja.

Baada ya hapo siwezi kusema kwa uhakika ni saa ngapi jambo gani lilitokea. Najua ndafu ilikatwa, najua nilikula wali nimesimama jikoni, na najua shangazi alipita mbele yangu akicheza, kilemba kikiwa kichwani, akanishika bega bila kusema neno. Miguu ilikuwa imevimba kiasi kwamba nilifungua kamba za viatu. Mweka hazina alilipa salio. Kuhusu fedha za satini, alisema zitajadiliwa siku ya kuvunja kamati.

Wageni wa mwisho walipoondoka tulianza kuhesabu. Viti vilitimia. Vitambaa vilikuwa 39. Nilikuwa tayari kukubali hasara hiyo, lakini binti alirudi ndani, akaingia jikoni, akatoka na kitambaa cha 40 kikiwa na masizi, kwa kuwa wapishi walikuwa wamekitumia kuepulia sufuria. Akakikunja pamoja na vingine.

Nilimlipa ujira wa siku, nikamwambia aje Kariakoo Ijumaa saa mbili asubuhi, avae viatu vya chini. Alinikabidhi bahasha yake, nikaiweka juu ya mafurushi ya vitambaa, dereva akawasha kirikuu.