Kusoma hekaya chini ya blanketi

Kila Jumatano na Jumamosi ninaamka saa tisa usiku, kabla majogoo wa Majengo hapa Moshi hawajaanza na kabla daladala hazijapiga honi barabarani, nikajifunika blanketi zito pamoja na maikrofoni yangu ndogo na kusoma kitabu kwa sauti. Blanketi humeza mwangwi wa chumba. Mvua ya masika haimezwi na chochote: ikishagonga bati, sina budi kuzima na kulala.

Ninajifunza kazi ya LibriVox, mradi ulioanzishwa na Hugh McGuire huko Montreal, Kanada, mwaka 2005, ambao watu wa kujitolea husoma vitabu vilivyokwisha muda wa hakimiliki na kuziacha sauti zao huru kwa yeyote, bila malipo. Maandishi mengi hutoka Project Gutenberg, hazina ya vitabu huru mtandaoni, na sauti huhifadhiwa Internet Archive, maktaba kubwa ya mtandaoni. Kitabu kimoja kinaweza kugawanywa sura kwa sura kati ya wasomaji wasiowahi kuonana.

Kwa muda mrefu niliogopa lafudhi yangu. Nimekulia Kibosho, na shuleni mwalimu mmoja alinikatisha nikisoma mbele ya darasa kwa sababu Kichaga kilisikika katika Kiswahili changu; tangu siku hiyo sikusoma tena kwa sauti mbele ya watu. Kilichonirudisha ni kufahamu kwamba msomaji mpya hutuma kwanza jaribio fupi, na kinachopimwa humo ni kelele na kiwango cha sauti, wala si anakotoka. Baadaye msahihishaji husikiliza rekodi nzima akitafuta sentensi iliyorudiwa, maneno yaliyorukwa au ukimya uliozidi, lakini namna ya mtu kusoma haimhusu. Ningependa kila darasa la kusoma liwe na kanuni hiyo.

Riwaya nyingi za Kiswahili tunazozipenda bado haziruhusiwi, kwa kuwa mradi hufuata sheria ya Marekani, ambako vitabu vingi vya karne iliyopita hulindwa kwa miaka 95 tangu kuchapishwa. Kwa hiyo nimeshika hekaya za Unguja alizozikusanya mmisionari Mwingereza Edward Steere na kuzichapisha London mwaka 1870, zikiwa na Kiswahili chake upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Tahajia yake ya kizamani, yenye "hatta" na "illa", ilinikwaza siku mbili za mwanzo. Nilipoacha kuitazama na kuanza kuisikia, ikawa ni lugha ileile ya jikoni kwetu.

Msikilizaji wangu wa kwanza ni bibi mzaa mama, ambaye presha ya macho imemnyima kusoma hata Biblia yake ya maandishi makubwa. Nilimwekea kisa cha punda wa dobi, kinachoanza na kima aliyekuwa akimdondoshea papa matunda kutoka juu ya mkuyu. Alisikiliza akiwa ameinamia simu, kisha akasema, "Mjukuu wangu, umemkimbiza huyo kima. Yeye amekaa mtini, ana shibe, haraka ya nini?"

Usiku wa Jumamosi niliisoma upya sehemu hiyo, polepole. Asubuhi, hata chai haijamiminwa, bibi aliniomba nimrudishie pale kima anapomwambia papa kwamba moyo wake ameuacha nyumbani, umetundikwa mtini.